Mgongo kwa Mgongo

Mimi nilikuwa mtu wa miguu. Mchana kutwa nasimama dukani Biashara Street nikiuza kanga, jioni narudi kwetu Ndia Kuu nikipiga soga mlango hadi mlango. Siku moja nikainama kunyanyua jora la kitambaa. Kiuno kikalia ka! Nikabaki pale pale nimeinama, jasho lanitoka.

"Diski imetoka mahali pake, inabana mshipa," daktari akasema. "Meza dawa, pumzika, tutazame." Mguu wa kushoto ukafa ganzi. Nikawa nakojolea beseni. Nikipiga chafya, nalia.

Nyumba yetu ni ya kale, ngazi zake zimesimama kama ukuta. Mume wangu na ndugu zake walinibeba hadi juu, na huko nikafungika chumba kimoja na mavyaa, mamake mume wangu, ambaye magoti yalimzuia kushuka miaka mingi. Dirisha moja, wagonjwa wawili. Nikiguna tu, asema, "Wadeka! Mimi nimezaa saba na sikulia hivyo." Nilimchukia, wallahi. Na kuta zile pia.

Daktari aliporuhusu mazoezi mepesi, akaja jirani yetu Zuhura, aliyejifunza yoga kwa ajili ya pumu yake. Mavyaa akakunja uso. "Hiyo si ibada ya dini ya watu?"

"Ni kunyoosha mwili na kuvuta pumzi tu, Bibi. Ndoo ujaribu nawe."

Akatuketisha kitandani mgongo kwa mgongo, tusiseme, kila mmoja aifuate pumzi ya mwenziwe. Nilitaka kucheka. Kisha nikahisi mgongo wa mavyaa watetemeka. Alikuwa akilia.

"Una nini, mama?"

"Wewe wapona. Utashuka. Mimi n'takaa na nani?"

Chuki yote ikaniishia. Tangu hapo tukawa twapumua pamoja kila asubuhi, na mguu ukaanza kuamka polepole. Hatimaye nikashuka, kwa makalio, kidato baada ya kidato. Majirani wakanipigia vigelegele. Mimi nililia, kwa furaha na kwa uchungu wa yule niliyemwacha juu.

Alhamdulillahi, leo nauza kanga, ingawa nimeketi. Nawe ukiwa na mgonjwa ndani, usimpelekee uji ukaondoka. Keti umwegemee, usikie anavyopumua. Mavyaa hataki kubebwa, asema yeye si gunia. Basi adhuhuri nafunga duka, napanda kwake.

"Umechelewa," huniambia, na huku ashajisogeza kunipa nafasi.