Yule Tuliyemwita Direkta

Nianze na ukweli: yule mzee hakunikosea hata siku moja. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tulikuwa wafanyabiashara watatu tuliotoka upande wa Butembo, tukafungua maduka Kindu, katika Maniema. Mmoja aliuza vitambaa, wa pili alikuwa na lori, mimi niliuza chumvi, sabuni na misumari. Miaka ile serikali ilikuwa imewanyang'anya wazungu biashara zao na kuwagawia wakubwa wake, na wengi wao walizila mpaka mifupa. Vinu vilisimama, vikaota kutu. Mimi, wala si mwingine, ndiye niliyesema: tuunganishe mitaji, tununue kitu kilichokufa, tukifufue. Tukaanza na kinu cha mpunga, mtaani Alunguli.

Kununua tulijua. Kuendesha hatukujua. Kinu kilitutolea chenga tupu, mchele wa kulishia kuku, ndipo mwenye lori akamleta mzee aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kampuni ya mpunga kabla haijagawiwa. Mwenyeji wa Maniema, mwembamba, abakosti yake, suti ile isiyovaliwa tai, imefifia viwikoni. Tulimpa kazi moja: atengeneze kinu, apokee mshahara, aende zake. Alikaa wiki nzima bila kugusa mashine. Alishinda uwanjani na wanawake walioanika mpunga, akiuma punje, akitema, akiuliza maswali. Nilimcheka waziwazi. Kumbe mashine haikuwa na kosa, mpunga uliingia kinuni ungali mbichi. Akaamuru uanikwe siku mbili zaidi, na mchele ukatoka mzima.

Watu wakaanza kumwita Direkta. Wenzangu pia. Mke wangu pia, nyumbani mwangu, mbele ya sahani yangu.

Kinu tulimwitia baada ya kununua. Tuliponunua tanuri la mikate, tulimwita siku ya kununua. Mwaka wa tatu hatukununua hata toroli kabla hajaliona. Mtu wa kutengeneza akawa mtu wa kuchagua, na mimi niliyekuwa mwenye wazo nikawa msikilizaji. Roho iliniuma, sifichi. Nikisikia anasifiwa kanisani, niliacha kuimba.

Sisi watatu tulikuwa na desturi yetu. Tulikutana Jumapili baada ya ibada, kwa muuza vitambaa, na aliyeiona biashara ndiye aliyefungua maneno. Mimi nilikuwa nimeona mashine ya kukamua mawese kule Lokandu. Mwenye kuiuza aliiwasha mbele yangu, mafuta yakatiririka mekundu, nikaona heshima yangu inarudi. Jumapili ile Direkta naye alikuwapo, na mashine alikwishaiona. Nikasimama ili niseme. Muuza vitambaa akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, ndugu. Tumusikie Direkta."

"Mimi njo niliiona!" nikasema.

"Ni kweli, sitwayeni," Direkta akajibu taratibu, akiniita raia kwa lile neno la serikali. "Na mashine njo ya muzuri. Lakini vijana ya Lokandu wamekwenda Pangi kuchimba mawe ya madini. Ni nani atapanda mingazi kukata mikungu? Weye?"

Wakacheka. Labda alitania tu, kwa maana mimi na tumbo langu lile tusingepanda hata ngazi ya jikoni. Lakini kicheko kile nilitoka nacho mpaka kwangu.

Tulikuwa tumeapa kwamba hakuna atakayenunua peke yake. Nikauza bidhaa zote za dukani, nikainunua ile mashine peke yangu. Mke wangu akaniuliza, "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Nikamwambia anyamaze. Nilitaka siku moja tu Direkta apite pale, ayaone mapipa yangu yamejaa, akose la kusema.

Mapipa hayakujaa. Nilikwenda Lokandu, nikasimama chini ya michikichi, ile mingazi aliyoitaja, nikatazama mikungu iliyoiva ikioza juu kabisa, na ndege wakila. Yale mafuta ya siku ya kwanza yalikuwa ya chikichi zilizoanguka, walizookota jamaa zake muuzaji kwa muda wa majuma. Mzee mmoja wa pale alinikaribisha samaki, akanieleza bila kificho kwamba aliyebaki kijijini mwenye miguu ya kupanda ni yeye, na miguu yenyewe ina baridi yabisi.

Habari zikafika Kindu kabla yangu. Wenzangu wakakaa kuamua kama nibaki au nitoke, nao wakaona vema kumwachia neno hilo Direkta. Fikiria! Chama nilichokianzisha mimi, na aliyeajiriwa ndiye apime kama nafaa.

Akaja kwangu asubuhi, peke yake. Mke wangu akampa kiti na maji.

"Mudogo yangu," akasema, "nimepata wapandaji toka upande wa Obokote. Watakuja na bibi zao kama tukiwapa pa kujenga. Lakini mashamba yale iko na wenyewe. Mimi najua mashine na makaratasi. Watu ya Lokandu hawanijue. Weye unakula kwao, wanakusikia. Ile mashine tuiingize kwetu, weye uiongoze. Bila weye, ni chuma tu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja miaka mitatu. Nilitaka kulia. Ila yalitoka katika kinywa chake, na kijicho changu kilikuwa kimezoea kukaa nami, hakikutaka kuhama.

"Mimi siko mutumishi yako," nikamwambia.

Alimaliza maji, akamshukuru mke wangu, akaenda. Nilimtazama mpaka alipokata kona, nikijua wazi kwamba nikimwita atageuka. Sikumwita.

Jumapili iliyofuata wakanitoa, wakaichukua mashine kwa bei niliyoinunulia. Wapandaji wakaja, mashine ikafanya kazi, kiti changu akapewa yeye, pamoja na fungu langu la faida. Nilikaa nikingoja fedheha, wenzangu waje kunisuta kwa jeuri yangu. Hawakuja. Mke wa muuza vitambaa ndiye aliyemweleza mke wangu: Direkta alikuwa amewaambia kwamba nilikubali kila kitu kwa moyo mweupe, ila nina ugonjwa wa moyo ambao hautaniruhusu kazi ya Lokandu, nao wasinisumbue.

Tangu hapo, kila tulipokutana sokoni, wenzangu wale wawili walinishika mkono wakaniuliza moyo unaendeleaje. Nami niliwajibu kwamba haujapona.