Chupa ya Asumini Mdomoni mwa Duara

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tatu. Mama akalazwa Kolandoto, nikatolewa shule kwenda kumuuguza. Alitoka hospitali amefunikwa shuka, na mimi darasani sikurudi tena. Kwa hiyo atakayekuta kosa la uandishi humu alihesabu akipenda. Lakini habari ya harufu asinifundishe.

Harufu naijua kwa sababu ndiyo iliyonifukuza kazi. Nilipopata akili za kujitegemea nilikwenda Nyarugusu kuwapikia wachimbaji. Miaka minne ninanuka moshi. Nywele moshi, khanga moshi, hata jasho lilitoka na moshi. Siku moja nikanunua kichupa cha pafyumu kwa mmachinga, nikajipaka kidogo nyuma ya masikio, nikapeleka ugali mdomoni mwa duara, yaani shimo lao la dhahabu. Wiki hiyo hiyo mawe yakakauka, hayana kitu. Mwenye duara akatangaza kwamba dhahabu haipatani na manukato, ikiyasikia inahama, na aliyeihamisha anajulikana. Sufuria zangu zikatupwa njiani.

Nikasema sawa. Kitu chenye nguvu ya kuhamisha dhahabu ndani ya mwamba, hicho ndicho cha kuuza. Nikarudi Shinyanga, pale Ngokolo, nikaanza na meza moja, chupa sita za mafuta ya kunukia na bomba la sindano la kupimia. Leo mtaa mzima wananiita Mama Marashi, na sikumwomba mtu mtaji.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike, yuko kidato cha sita, alikuwa dukani wakati wa likizo. Akaniuliza, "Bibi, unajua neno pafyumu limetoka wapi?"

Nikamwambia limetoka Dubai, kwenye katoni.

Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema anauliza neno, haulizi chupa. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na mizizi yake iko kwenye Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni "kupitia moshi". Watu wa kale walikuwa wanachoma ubani na miti inayonukia, moshi unapanda, watu wanafukiziwa, miungu yao inafurahi. Mambo ya chupa na kupuliza yalikuja baadaye sana.

Badala ya kufurahi nilikasirika. Maisha yangu yote naukimbia moshi, kumbe naupima kwa sindano na kuuza. Na yule mwenye duara alikuwa na nfumu wake, mganga, aliyekuja kufukiza shimo kila wiki kwa majani na magome. Ningelijua neno hilo siku ile, ningemuuliza mganga wake anafanya nini tofauti na mimi.

Sasa kitinda mimba wangu naye ana duara Nyarugusu. Nasema lake kwa heshima tu, maana ni langu. Mimi ndiye niliyenunua kamba, pampu ya kutolea maji, na miti ya mkaratusi ya kushikilia kuta za shimo, ile wanayoiita matimba. Bila matimba, mvua ikikolea udongo unashuka, na aliye chini anabaki huko. Kila mti niliupiga alama ya rangi nyekundu kwa mkono wangu, maana nawajua wachimbaji.

Mvua zilipoanza nikampigia simu kumuuliza kama matimba yamewekwa. Akasema yamewekwa. Nikasema basi nakuja kuyaona. Akasema nisije, nanukia.

Mwanangu huyo. Nimemlea kwa harufu hiyo hiyo.

Nilioga wiki nzima kwa sabuni ya mche, nikafunga duka, nikavaa gauni ambalo halijawahi kuingia dukani kwangu. Nikaondoka na mjukuu. Mkobani nilikuwa na chupa moja kubwa ya asumini, imefungwa kwa nailoni mara tatu, ya mteja wa harusi Geita mjini. Tulipanga kumpelekea wakati wa kurudi.

Msimamizi wa duara alikuja kutupokea njiani. Akatoa shikamoo vizuri tu, nikaitikia marahaba. Kisha akavuta pua.

"Mayu, mama yetu, ishia hapo hapo," akasema. "Bado unanukia."

Mwanangu akatoka shimoni na udongo wake, akanisalimia kutoka mbali kama anayemsalimia mgonjwa wa kipindupindu. Nikamwonyesha majivu ya mganga pembeni ya shimo, hata hayajapoa. Nikamuuliza, moshi wa nani unaruhusiwa hapa?

"Moshi wa mganga unaita, Mama. Wako unafukuza."

Mjukuu akaanza kuwapa somo lake, Kilatini, Kifaransa, Kiingereza, yote. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe wazungu nao walikuwa na wafumu wao, ila wao baadaye walipata magreda. Wachimbaji wakacheka. Siku nyingine ningecheka na mimi.

Nikaambiwa nikasubiri jikoni. Jikoni, tena Nyarugusu, kwa umri huu. Nikaenda. Lakini kabla sijafika nilisikia moshi wa mkaratusi. Mafuta ya mti huo nayauza kwa wenye mafua, siwezi kukosea hata nikiwa usingizini. Nikainama. Chini ya sufuria ya maharage kipande kilikuwa kinaungua, na nchani kina alama nyekundu. Nyuma ya banda miti mingine ilikuwa imeshapasuliwa, imepangwa vizuri.

Mpishi, binti mdogo, aliniambia bila kuficha kwamba mganga alikataza mti wenye harufu kali usishuke shimoni. Kwa hiyo wakaona bora utumike kupikia.

Sikukimbia, magoti yangu hayakimbii. Nilirudi mdomoni mwa duara huku nafungua ile nailoni. Msimamizi akanisimamia mbele, mikono ameitandaza, halafu akaona chupa imefunguliwa, akapisha. Nani angenigusa?

"Wangapi wako chini?" nikauliza.

"Watatu," mwanangu akasema. "Mama, tumebakiza kidogo tu."

"Watoe."

Akanitazama. Nikainamisha chupa mpaka tone likasimama mdomoni. Hapo ndipo akaita chini, wakavutwa kwa kamba mmoja mmoja, wa mwisho akiuliza kuna nini. Nilipohesabu watatu juu ya ardhi nikamwaga yote. Joto la shimo likairudisha harufu ikatupiga usoni. Nilijua hakuna mchimbaji atakayeshuka humo tena. Maneno ya mama hawakuyasikia, lakini asumini waliisikia.

Mvua zimepita, shimo liko wima, halikuporomoka hata bonge moja. Mwanangu anawaambia dada zake kwamba mama alimfukarisha kwa chupa moja. Nawaambia ningeimwaga tena, nao wananiuliza habari za duka, wala sijui wako upande gani. Mteja wa harusi naye alinuna.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Duka moja Ngokolo na stoo nyuma yake. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Ng'ombe tisa kwa mjomba. Bomba la sindano la kwanza, halivuti tena. Duara moja Nyarugusu, halina mtu ndani. Mtoto wa kiume mmoja, mzima, haongei na mimi.