Voluntia wa wiki sita, bibi wa Kihanga, na swali nililolimeza mimi dereva

Wakuu, habari za Jumapili. Wale mnaosema kila uzi humu ni chai, leo wekeni vikombe chini, maana anayeaibika kwenye hii stori ni mimi mwenyewe.

Mimi ni dereva wa kituo cha watoto wachanga, siyo mbali na mji wa Kayanga. Nina Kiingereza cha kuombea maji, basi nikageuzwa kuwa mkalimani pia.

Watoto wetu wengi wana ndugu. Mama kafariki akijifungua, mtoto analelewa kituoni kwa maziwa ya kopo mpaka aweze kula, kisha anarudi kwao. Sharti ni moja: ndugu aje kila Jumapili, ambebe, amlishe, wazoeane. Mtoto asipomzoea, mlezi mkuu hamtoi.

Mugisha, mwaka na nusu, ana bibi yake kijijini Kihanga. Bibi hakosi. Akitoka kanisani anakuja na ndizi za kuponda, bakuli kalifunga kwenye kitambaa.

Ndipo akashuka Klara, voluntia kutoka Ulaya. Kasomea kupamba bustani, lakini twende naye hivyo hivyo. Siku ya pili kashamchagua Mugisha na kumpa jina jipya, Oskar, kana kwamba la mwanzo limeisha muda wake.

Siku yake ya mapumziko? Jumapili.

Nikawa namwendesha yeye na Mugisha kwenda kupiga picha. Kwenye migomba, kwenye kahawa, mbele ya ng'ombe wa watu. Chini ya kila picha kaandika kwamba mtoto huyu hana mtu duniani.

Huyo asiye na mtu, bibi yake yuko kwenye benchi la kituo, bakuli mapajani, anasubiri mpaka anaondoka. Jumapili tano, wakuu. Na mimi soda nikinunuliwa nakunywa.

Siku ya kumchukua mtoto ikafika. Bibi kaja na kanga mpya ya kumbebea. Kumgusa tu, Mugisha kapiga kelele, kamng'ang'ania Klara shingoni.

Klara analia kwa furaha: "Amenichagua mimi!" Ndege yake ilikuwa Alhamisi.

Mlezi mkuu akaahirisha. Bibi aanze upya.

Bibi akanigeukia, akasema kwa Kinyambo, lugha ya huku kwetu, taratibu tu: "Mwanangu, muulize huyu binti. Akishapanda ndege, mtoto huyu amlilie nani?"

Nikatafsiri: "Bibi anakushukuru sana."

Klara akamkumbatia. Jioni shukrani za bibi zikawa posti.

Siku hizi kila Jumapili namfuata bibi Kihanga kwa pikipiki yangu. Juzi Mugisha alipokea ndizi mkononi mwake, akala. Kisha akageuka kuangalia geti.

Nilichojifunza: ukija kujitolea, fua nepi, osha chupa, mtoto muache azoeane na wa kwao. Na ukiwa mkalimani, sema kilichosemwa. Nilijipendekeza, na inaniuma.

Bibi mpaka leo anaamini swali lake lilifika, ila binti alikosa jibu. Nimwambie ukweli au nikaushe? Nitukaneni, lakini mnijibu na hilo.