Shangazi Aliyekuja Kuninonesha

Nilipochumbiwa, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja kwetu Kiwanjani kutoka Kinna akiwa na maziwa ya ngamia na kopo la samli. "Nimekuja kukunonesha," aliniambia kabla hata ya kuvua viatu.

Mimi ni mwembamba tangu utotoni. Nilikuwa nimezoea kwenda kwa miguu hadi shule ya chekechea ninakofundisha. Sasa nilikatazwa kutoka. Nikishamaliza kikombe, kingine kinaletwa. Miguu ilinisumbua; niliinuka, nikaketi, nikachungulia dirishani, nikaitwa nirudi mkekani.

Siku moja nikamuuliza, "Shangazi, ni nani alisema mrembo lazima awe mnene?"

"Kila mtu anajua. Mwanamke aliyejaa ndiye huolewa."

"Na wanamuolea nini?"

"Kwa sababu ni mrembo."

"Urembo wake tunaujuaje?"

"Si ameolewa?"

Nikamkumbusha kuhusu binamu yangu wa Korbesa, mwembamba kunishinda, na ameolewa juzi tu. Shangazi alikoroga chai yake akifikiri.

"Yule si mwembamba," akasema. "Angekuwa mwembamba, nani angemuoa?"

Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Hakukuwa na neno ningesema ambalo shangazi hangeligeuza liwe lake.

Haikupita wiki, tumbo likachafuka. Nilitapika na kuhara hadi nguo ya harusi ikawa inaning'inia mwilini. Shangazi alilia machozi ya kweli. Akataka harusi iahirishwe mpaka ninenepe. Nikampigia simu mchumba wangu, dereva wa lori la mbuzi, nikamwambia nimekonda zaidi ya alivyoniona.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Basi harusi iko. Kwani nilikuchumbia nikiwa nimefumba macho?"

Tukaoana. Fundi alibana nguo kwa pini mgongoni. Kwenye hema la wanawake nilimsikia shangazi akiwaambia jirani zetu, "Mmeona vile amejaa? Ni yale maziwa." Wakanitazama, wakakubali kwamba kweli nimejaa. Nikaangalia mikono yangu, mifupa imetokeza chini ya hina, na kwa muda nikajiuliza kama wao ndio wanaoona sawa.

Mwaka huu mdogo wangu amejiunga na chuo. Yeye ni mnene, na alipokuja likizo alikuwa hagusi chakula. Anasema wasichana warembo wote ni wembamba.

"Na wale wanene wazuri?" nikamuuliza.

"Hao si wazuri," akanijibu. "Ni wanene."

Nilimsogezea sahani. Alikula kidogo, akaisukuma. Tangu arudi chuoni, ikifika saa ya chakula cha mchana siwezi kutulia darasani. Natoka nje, nampigia simu, namuuliza amekula nini. Ananijibu haraka haraka, na mimi sijui kama ni kweli.