Jumamosi za Samaki wa Daktari Nakhumicha

Siku Obiero alipomwona kwa mara ya kwanza, Daktari Metrine Nakhumicha alikuwa amepiga magoti ndani ya dimbwi la kando ya barabara, mbele kidogo ya Otonglo, viatu vizuri miguuni na kipande cha chandarua mkononi. Obiero alidhani mama wa watu ameangusha simu. Alitua jembe akaingia majini kumsaidia, na kwa haya zake hakuuliza simu yenyewe ni ya aina gani. Walipapasa matope karibu nusu saa kabla hajaambiwa kwamba kinachotafutwa ni samaki, tena wa urefu wa kidole, ambao hakuna mtu wa Kisumu angewatia sufuriani.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi katika maabara ya Daktari chuoni. Samaki wale huzaliwa, huzeeka na kufa ndani ya miezi michache, na Daktari alikuwa anachunguza uzee. Alimweleza kwamba mwilini mna seli zilizochoka, hazigawanyiki wala hazifi, zimekaa tu zikiziudhi nyingine, kama wanakamati waliokataa kustaafu. Yeye alikuwa na dawa ya majani ya kuziondoa. Samaki wa chumba cha kwanza walipewa dawa, wakalishwa na Obiero. Wa chumba cha pili hawakupewa, wakalishwa na Wekesa, mfanyakazi mwenzake.

Samaki wa Obiero waliishi theluthi moja zaidi. Daktari akaandika makala, na wanasayansi wa ng'ambo wakaanza kuitaja katika makala zao. Kila Jumatatu aliandika kwa chaki mlangoni idadi ya waliomtaja: mia mbili, mia nne, mia saba. Ikifika elfu, alisema, kamati ya chuo haitakuwa na namna ila kumpa uprofesa aliounyimwa mara mbili.

Siku moja wageni walikuja, na Obiero, akipiga deki, akamsikia Daktari akiwaambia kwamba samaki wote walikula chakula kilekile, siku saba kwa wiki. Obiero ni Msabato. Jumamosi hagusi kazi, na samaki wake walikuwa hawaonji kitu. Hakuna aliyewahi kumwuliza, naye si mtu wa kuanzisha maneno. Daftari la kulishia lilikuwa la Wekesa, ambaye kila Ijumaa aliweka alama za vyumba vyote viwili mpaka Jumapili, amalize mapema.

Alikaa na jambo hilo mwaka mzima. Akisema, mama huyu atakosa cheo. Asiposema, ni uongo, na uongo wenyewe umezaliwa na Sabato yake. Mlangoni ilipoandikwa mia tisa na themanini, alibisha hodi.

"Daktari, samaki wangu hawali Jumamosi."

Daktari akavua miwani. "Jumamosi gani, Baba Aloo?" Alizoea kumwita kwa jina la bintiye.

"Zote. Tangu nibatizwe."

Hakumfokea. Alirudia kazi yote upya, Jumamosi akija mwenyewe. Safari hii waliopewa dawa walikula siku saba, na wasiopewa wakafungishwa Jumamosi. Dawa haikuongeza hata siku moja. Njaa ndiyo iliyofanya kazi, jambo ambalo wengine walikuwa wameshaliandika zamani kuhusu panya. Akaandika makala ya pili kukiri kosa, na mwishoni akamshukuru Bwana Obiero kwa kushika Sabato. Kisha akangoja namba ya mlangoni isimame.

Haikusimama. Waliotaka kusema kwamba makala ya kwanza ilikosea ilibidi waitaje kwanza. Ambao hawakuwahi kuisoma waliendelea kuitaja kama kawaida. Elfu ikapita, elfu mbili ikapita. Kamati, ambayo kazi yake ilikuwa kuhesabu, ikahesabu, ikampa uprofesa. Aliwaandikia barua kueleza. Wakajibu kwamba unyenyekevu wake pia umezingatiwa. Makala ya pili ilitajwa mara tatu, mbili kati ya hizo na yeye mwenyewe.

Alistaafu Ijumaa moja ya Agosti. Alifuta namba mlangoni kwa kiganja, na Obiero akambebea sanduku la vitabu hadi kwenye gari, njia nzima akitafuta namna ya kumwomba radhi kwa ule mwaka wa kunyamaza. Profesa akawasha gari, akamtazama, akashusha kioo.

"Atakayekuja baada yangu, Baba Aloo, mwambie siku ya kwanza."