Dhahabu wa Salamu Aonyesha Uso

Kwa miaka tisa watu wa Kisauni walimjua Dhahabu kwa masikio tu. Kila siku ya kazi, saa tisa alasiri, sauti yake ilitoka kwenye redio za vinyozi, za mafundi cherehani na za akina mama wauza mboga, ikisoma kadi za salamu bila haraka, kila jina kwa uzito wake. Jina la Kigiriama alilitamka Kigiriama, la Kikamba Kikamba, na la mtu wa Mvita alilivuta pale linapotaka kuvutwa. Wasikilizaji walikuwa wamekwisha kumchora vichwani mwao mwenye sauti ile: mama wa makamo, mnene, mweusi tititi, mzazi wa watoto watano, asiye na papara.

Mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na saba, mrefu, mwembamba, mama wa mtoto mmoja. Ngozi yake ilikuwa rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, nywele zake rangi ya shaba, na puani alikuwa na madoadoa ambayo jua la Pwani liliyaongeza kila mwaka. Kitambulisho chake kilisema Velma Dhahabu Kaviha. Majirani wa Frere Town walimwita Velma, na wachache waliokuwa wameitambua sauti yake walikaa nayo kama siri ya ukoo. Dhahabu lilikuwa jina la bibi yake mzaa mama, ndiye aliyemlea. Babake, fundi wa injini za meli kutoka Uholanzi, alifanya kazi bandarini miaka miwili, akarudi kwao kabla bintiye hajamaliza kuota meno. Alimwachia urefu, rangi na picha moja.

Mwanzoni kujificha hakukuwa hiari yake. Alipotoka chuoni aliajiriwa na kituo kimoja kisiwani kusoma habari za Kiswahili, na kwa muda wa mwaka mmoja aliifanya kazi hiyo hata wazee wakawa wanapiga simu kumsifu. Kisha kituo kile kikafungua televisheni. Meneja alimtazama mbele ya kamera, akakuna kidevu, akamhamishia kwenye kipindi cha muziki cha Kiingereza. Alimweleza kwa upole kwamba watazamaji wakimwona akisoma habari kwa Kiswahili cha namna ile watadhani ni mchezo wa kuigiza. Dhahabu alivumilia miezi sita. Siku aliyoondoka, kati ya vitu vyake vyote alichukua kamusi tu.

Mlingoti FM ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya Malindi, na haikuwa na televisheni. Ndiyo sababu aliipenda. Bango la kipindi chake lilikuwa na picha ya dafu lililovaa vipokea sauti, na kila mtu aliridhika.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu, Ronny, meneja wa Mlingoti FM, alimwita ofisini akampa habari akiwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Kuanzia Jumatatu studio itakuwa na kamera, na vipindi vyote vitaonekana moja kwa moja kwenye simu za watu. Dhahabu alimwonyesha uso wake kwa kidole. Ronny, aliyezaliwa bara na aliyeamini kwamba hakuna tatizo lisilo na dawa ya haraka, alianza kumhesabia watu wa rangi mbili wanaopendwa nchini: wachezaji, waigizaji, wanasiasa, warembo wa matangazo ya sabuni. Alimwambia zama zimebadilika na hakuna wa kushtuka tena.

"Akifunga bao ni mtoto wetu," Dhahabu alisema. "Akikosa penalti, watu wanauliza babake ni wa wapi."

Lakini kamera zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Alichoweza kumpa ni hiari: ama akae mbele ya kamera na salamu zake, ama kipindi apewe mtangazaji mwingine, naye asome habari za saa kumi na moja alfajiri, wakati watu wa kamera wamelala. Aamue kufikia Jumatatu.

Dhahabu alikipenda kile kipindi kuliko alivyopenda kukubali. Alijua nani amejifungua Mtopanga na nani amegombana na wifi yake Bombolulu. Alikuwa amesoma salamu za watu wakichumbiana, akasoma tena wakioana, na wawili aliwasomea hadi walipoachana. Kukiachia kwa sababu ya uso wake aliona ni upuuzi. Kuwasomea watu watakaomgeuzia mgongo kulimtisha zaidi.

Ikatokea kwamba Jumamosi ile Chama cha Wapenzi wa Salamu cha Junda kilikuwa kinatimiza miaka kumi. Kila mwaka walimwalika, na kila mwaka alituma udhuru: homa, msiba, homa tena. Safari hii alikubali. Hawa ndio waliomwandikia kila wiki bila kukosa. Kama hawa wangemkataa, basi Jumatatu hakukuwa na la kuamua, na ni afadhali alione kwa macho yake.

Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya hema la buluu. Dhahabu aliteremka kwenye tuktuk amevaa dera jipya, na kabla hajatia mguu wa pili chini, Mwanasaumu, katibu wa chama, alikuwa amekwisha kumkimbilia kwa mikono yote miwili. Ni kwamba mwezi uliopita chama kilikuwa kimeandikia shirika moja la hisani kuomba viti mia vya plastiki. Mwanasaumu alipoona rangi ya mgeni alihesabu mbili na mbili, akapata viti mia.

"Welkam, madam," alisema, akamwelekeza kwenye kochi lililoletwa kutoka sebuleni kwa mtu, la kitambaa chekundu, peke yake mbele ya watu wote.

"Asante sana," Dhahabu alisema kwa sauti ndogo.

"Jamani, anajua Kiswahili," Mwanasaumu aliwatangazia wenziwe, nao wakapiga makofi.

Makofi yale Dhahabu aliyajua. Alipigiwa shuleni, akapigiwa hospitalini, akapigiwa sokoni Kongowea aliponunua bamia. Alikaa kwenye kochi akapokea chupa ya maji, akajiambia atasema akishapoa. Kisha akaletewa mkalimani.

Mkalimani alikuwa Kioko, mlinzi wa hoteli moja Nyali, mtu mchangamfu aliyejivunia Kiingereza cha kazini. Aliketi kwenye mkono wa kochi, akaanza kumfahamisha mgeni salamu ni nini, kadi ni nini, na kwa nini watu wazima wenye akili timamu hujiita majina ya ajabu redioni. Kutoka hapo akaingia kwenye habari za Dhahabu, mgeni rasmi aliyekuwa anasubiriwa. Alimweleza kwamba ni mama mkubwa wa Kigiriama, mweusi, mwenye mwili, na kwamba yeye Kioko ni mwandani wake. Mwaka juzi walikula biriani pamoja. Dhahabu aliuliza, kwa Kiingereza, biriani ilikuwaje. Kioko akasema Dhahabu alirudia sahani mara tatu.

Saa kumi ilipofika mgeni rasmi hakuwa ameonekana. Mwenyekiti, Mzee Nzai, mstaafu wa machimbo ya mawe mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi ikakatika mistari, alitazama saa yake, akatazama lango, akatazama saa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezoea udhuru wa homa. Chama kina desturi ya kufungua shughuli kwa kadi ya mwenyekiti, na safari hii walitaka isomwe na Dhahabu mwenyewe. Mzee akaamuru Mwanasaumu asome.

Mwanasaumu akashika kipaza sauti, akaisogeza kadi machoni. "Kutoka kwangu mimi, Mkuna Nazi wa Junda—"

"Mkana," ilisema sauti. "Mkana Nazi. A yake huwa inafanana na u."

Mtu mmoja aliinama akaichunguza redio iliyokuwa mezani, ilikuwa imezimwa.

Jina lile lilikuwa na historia. Miaka mingi nyuma Mzee Nzai alisingiziwa nazi za jirani. Alikana kwa jirani, akakana kwa chifu, akakana kanisani mbele ya mchungaji, mpaka mwizi wa kweli akakamatwa juu ya mnazi mwingine. Tangu hapo alilivaa jina la Mkana Nazi kama nishani. Lakini kila aliyewahi kusoma kadi yake alimgeuza mkuna nazi, kazi ambayo hajapata kuifanya hata jikoni kwake. Ni mtu mmoja tu kwenye redio zote za Pwani aliyekuwa hakosei.

Dhahabu alikuwa ameropoka bila kukusudia, kama mtu anavyomshika mtoto wa mwenziwe anayetaka kuanguka. Sasa watu wote walikuwa wamemgeukia, naye akasimama kutoka kwenye kochi.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mzee Nzai. "Ni mimi, Dhahabu."

"Marahaba," mzee alijibu kwa mazoea, kisha mdomo ukabaki wazi.

"Wallahi wamemfundisha," alisema Zuleikha, mwanamke mwenye leso ya manjano aliyekaa safu ya mbele. "Hawa watu wa redio wana hila. Muulizeni swali, tumuone."

Kukawa na mnong'ono wa kukubali. Mmoja alitaka ataje kadi ya wiki iliyopita, mwingine alitaka aseme Kigiriama. Kioko alikuwa analikagua paa la hema. Hapo ndipo Dhahabu alipokasirika kidogo, hasira ikamsaidia.

"Miaka tisa nimewasomea," alisema. "Mtihani wa nini tena? Nipeni kadi zangu."

Mwanasaumu akampa bunda lote. Dhahabu alilisoma kwa mwendo wake wa saa tisa, hakuongeza neno la kujitetea. Alimwita Mama Pacha wa Barsheba, Mama Pacha akasimama. Alimwita Dereva Mstaarabu, akasimama mtu anayejulikana kwa matusi, watu wakacheka. Alipofika kwa Zuleikha Sina Baya, mwenye leso ya manjano akanyanyuka taratibu, mkono mdomoni. Kadi ya ishirini ilipomalizika, hakukuwa na mtu aliyeketi.

"Kumbe wewe ni pointi faivu, nusu huku nusu kule," Zuleikha alisema, sasa kwa upole, kama anayempa pole.

"Nauli nalipa nzima, dada."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Mwanasaumu alicheka huku akisikitikia viti vyake mia. Dhahabu akamwomba Kioko mbele ya wote aeleze ile biriani, naye akasema labda alikuwa Dhahabu mwingine.

Mzee Nzai peke yake hakucheka. Alingoja watu watulie, akaenda akaketi kwenye kochi jekundu, akampa Dhahabu nafasi kando yake. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Mke wangu alipofariki nilikuandikia wewe kabla sijamwandikia ndugu yangu," alisema. "Hapa kila mtu amekupa ya ndani mwake. Wewe ukatunyima hata uso. Ulidhani sisi ni watu gani?"

Swali hilo Dhahabu hakuwa amejiandaa nalo. Kwa siku nne alikuwa amejiuliza kama watu wa Junda watamkubali. Hakuwa amefikiria kwamba wao ndio wangemdai yeye. Alimweleza habari ya meneja wa kisiwani na kipindi cha Kiingereza. Alimweleza na makofi ya saa ile ile, alipoambiwa anajua Kiswahili, lugha aliyokua nayo. Mwanasaumu akainamisha kichwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni makosa, na yetu ya leo yamo," alisema. "Lakini na wewe umekosa, mwanangu."

"Nimekosa, baba."

"Basi. Pilau inapoa."

Jumatatu, dakika kumi kabla ya saa tisa, Ronny alimkuta Dhahabu ameketi mbele ya kamera, amesuka nywele zake za shaba mistari, anampigia fundi kelele kwamba taa inamuunguza. Kipindi kilianza. Junda walikuwa wa kwanza kuandika, wakifuatwa na Mtopanga na Changamwe. Msichana mmoja wa Magongo, ambaye mamake ni Mdigo na babake Mchina, aliandika kwamba ameitia simu chaji mapema ili asipitwe. Dhahabu aliusoma ujumbe huo mara mbili.

Si wote waliofurahi. Saa tisa na robo uliingia ujumbe wa bwana Mwidani, msikilizaji wa Likoni wa tangu mwaka wa kwanza, ambaye hakuwa amesikia ya Jumamosi. Ronny aliuona kwanza, akataka kuufuta. Dhahabu alimkataza kwa mkono, akausoma hewani kwa sauti ile ile anayosomea harusi na matanga: "Mwambieni huyo mzungu anyamaze. Sisi tunamtaka Dhahabu wetu."

Akaiweka simu chini, akatazama kamera.

"Kaka Mwidani wa Likoni, salamu zako nimezipata. Nakuomba kitu kimoja tu. Fumba macho."

Kisha akaendelea na kadi iliyofuata, ya mama mmoja wa Kiembeni aliyekuwa anawasalimu wajukuu wake kumi na wanne, na akawataja wote, mmoja mmoja. Alikuwa amefika kwa wa kumi na moja simu ilipowaka tena. Alimaliza wajukuu kwanza. Ndipo akausoma ujumbe wa Likoni, maneno matano tu: "Haya dada, sasa nakusikia. Endelea."