Siku Firigisi Iliruka ku Meza

Nitasema mi mwenyewe, kabla ya batu bengine kusema vibaya zaidi: aibu yangu ilianza na firigisi ya kuku. Ndiyo, ile ile, kinyama kidogo cha tumboni. Nilitoka kijijini kule kaskazini na suruali moja, nikaosha makamyo ya batu, nikaendesha makamyo ya batu, mwisho nikaunganisha bipande bya chuma mpaka nikapata kamyo yangu mwenyewe ya kubeba makala ya kupikia na mahindi toka Tenke na Fungurume. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Batoto yangu bote bamesoma kunipita (haikuwa kazi ngumu, mi niliacha masomo kelasi ya pili, mwalimu alisema kichwa yangu ni ya kubebea mizigo, na kwa kweli hakukosea sana). Sasa uliza mutu yeyote mu Kolwezi: "Unajua Tata Mwadi?" Hatasema kamyo. Hatasema nyumba. Atasema: "Aa, ule wa firigisi!" Njo sifa yangu hiyo ("njo" ni "ndiyo" ya kwetu). Asanteni sana.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati sisi banaume bote tulivaa abakosti, ile koti ya kufungwa mpaka shingoni bila kravati, na jirani alikuita "sitwayeni" (mwananchi) hata akija kuomba chumvi. Mutoto yangu wa kwanza, Mwadi (njo mi naitwa Tata Mwadi, baba ya Mwadi), alipata muchumba, Ilunga, kijana mwenye heshima (heshima kupita kiasi, mutaona). Kijana hakunisumbua. Mwenye kunisumbua alikuwa baba yake. Tata Ilunga alikuwa kontremetre, musimamizi wa bafanyakazi, ku kampani ya shaba, alikaa Kapata mu zile nyumba za kampani za kupangwa mistari, alisoma gazeti na miwani ku pua, na hakuwahi kuniambia neno mbaya hata moja. Hiyo njo iliniogopesha. Mutu akikutukana, unajua anafikiri nini. Akinyamaza, unabaki kumujazia maneno mu kinywa we mwenyewe, na maneno yenye nilimujazia ule muzee, adui yangu hangeyapata hata akitafuta na taa.

Siku moja nilipita kwake kuacha mufuko ya makala. Nikachungulia mu salo: meza ndefu, kitambaa cheupe, bisu upande huu wa kila sahani na fursheti upande ule (uma, kama munapenda Kiswahili ya kanisani). Nilirudi nyumbani mugonjwa. Mi, mutu wa kula bukari (ugali) na vidole mu kivuli ya kamyo, nitapokea batu ya namna hii? Basi waliponiletea habari kwamba siku ya Mungu, Jumapili, jamaa nzima itakuja kuongea maneno ya ndoa, nilikata shauri kadogo, kadogo kabisa: tutakula bote meza moja, banaume na banamuke, na bisu na fursheti.

Sasa, kwa musomaji wa mbali: kwetu, kijana na mama wa muchumba wake, mama buko, habaangaliane uso, habakule pamoja, habagusane hata kidole, mpaka siku bakubwa batakapofungua hiyo njia kwa desturi. Kijana akikutana na mama buko mu barabara, anaingia mu majani. Heshima njo hiyo. Na musiseme sikujua. Wakati wangu niliingia mu majani mingi sana, kuna mahali mpaka leo pananijua.

Bibi yangu, Mama Mwadi, alisimama na mwiko mukononi.

"Tata Mwadi, mi nikae meza moja na buko yangu? Nitaangalia wapi? Mu supu?"

"Utaangalia sahani yako. Hii ni Zaïre ya sasa."

"Zaïre ya sasa! Ku radio si banatuambia kila asubuhi turudie desturi ya bankambo, babu zetu?"

"Radio haina mutoto wa kuolesha," nikamujibu, na nikajiona mwenye akili.

(Muone hiyo akili: inchi nzima inarudi kwa bankambo, na mi njo nachagua wakati ule ule kuiga bazungu.)

Nilifanya mazoezi. Peke yangu, ndani ya kamyo, madirisha ya kufungwa, joto sawa ya tanuru, sahani ku magoti, nikipigana na bukari kwa fursheti. Nilitoboa suruali. Nilijichoma mudomo. Lakini mwishoni nilikuwa naweza kupeleka tonge mpaka mu kinywa bila kuliangusha, kama njia haina mashimo.

Siku ya Mungu ikafika, na bageni bakafika. Tata Ilunga mu abakosti yake ya kupigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake, bibi yake, kijana Ilunga, na shangazi ya Ilunga, mama mukubwa mwenye sauti ya kuita batu toka ngambo ya muto, njo mwenye kusemea jamaa yao mu maneno ya ndoa. Meza yetu ilikuwa meza mbili za kuunganishwa, moja fupi, nikatia tofali chini ya muguu wake na kitambaa juu ya yote. Kutoka mbali ilikuwa safi kabisa. Tofali tu njo ilijua.

Shangazi aliona biti bya banaume na banamuke bimepangwa pamoja, akaangalia Tata Ilunga, Tata Ilunga akaangalia fursheti. Mi nikafikiri: banasifu. Tukakaa. Mama Mwadi aligeuza kiti chake upande, akavuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni, akaanza kuchunguza ukuta. Ilunga, ku ngambo ile ya meza, aliangalia dari muda wote, ungesema fundi ameitwa kutengeneza bati. Na hakuna mwenye kula. Kila mutu alishika fursheti na kungoja mwingine aanze. Bukari ilipoa, ikashika ngozi. Tata Ilunga alishika yake sawa mutu anataka kufungua injini.

Sasa firigisi. Munajua firigisi ni ya mugeni mukubwa, na mwenye nyumba njo anamupa. Tangu bankambo, unaishika na vidole, unamupa na mikono miwili, kwisha. Lakini mi nilikuwa nimeumia mu kamyo na madirisha ya kufungwa, nisionyeshe hata kidogo? Nikaidunga na fursheti. Firigisi ni ngumu, batu bangu, ile ni mupira wa gari. Fursheti ikateleza ku ngozi yake, firigisi ikaruka, ikapita mbele ya miwani ya Tata Ilunga, na ikaanguka taratibu kabisa mu magoti ya Mama Mwadi, juu ya kitenge kipya.

Hapo bado tungeweza kupona. Lakini Ilunga, mwenye heshima, Ilunga mwenye kutaka sana nimupende, aliona kitu ya baba buko yake imeanguka. Mukono ukaenda wenyewe. Akainama juu ya meza na akaokota firigisi mu magoti ya mama buko yake.

Mama Mwadi alipiga kelele na kuruka. Kiti kikapiga meza, meza ikaacha tofali, na mafuta yote ya kuku, na vitunguu, ikashuka ku abakosti ya Tata Ilunga. Shangazi alitia mikono ku kichwa: "Yooo! Mutoto amegusa mama buko! Yooo, njooni muone!" (Kwa nini "njooni muone," mi sijui; majirani bote balikuwa tayari ku dirisha.) Na Ilunga maskini alibaki katikati na firigisi mukononi, hajui airudishe wapi.

Shangazi akasimama mbele yangu. "Tata Mwadi, aliyekalisha mutoto wetu na mama buko meza moja ni nani?"

"Ni mi."

"Basi maneno ya ndoa yanasimama hapa. We mwenyewe utakuja Kapata na kuku mweupe, muchana, batu bakuone, tusafishe hii uchafu. Usitume mutu. Usipokuja, mutoto wetu atatafuta mahali pengine penye meza ya kawaida."

Bakaenda. Ku dirisha mutu alisema, "Firigisi ya ndege hiyo," na bote bakacheka, na jina langu likazaliwa.

Mutu mwenye akili angekamata kuku asubuhi yake na kwenda. Mi nililala na kuangalia ukuta. Mutaniuliza nilikuwa nafanya nini kule. Nilikuwa naadhibiwa. Mu kichwa yangu munaikala kapita moja, musimamizi wa kazi mwenye fimbo, alihamia zamani, halipi nyumba, hana konje ya kupumzika, hana siku ya Mungu, na tangu asubuhi anapiga makelele: "Mupumbavu! Kelasi ya pili anataka fursheti! Ulifikiri kamyo inafuta harufu ya kijiji? Tata Ilunga alijua tangu zamani we ni mutu ya namna gani, leo umemupa ushahidi." Na mi namujibu: ndiyo kapita, kweli kapita, piga tena kapita. Kazi ya kamyo niliachia dereva wangu, Mukalay. Kama lazima nitoke, nilipita njia za nyuma, mi mutu muzima, nanyata mu mitaa sawa mwizi wa kuku, wakati kazi yangu ilikuwa kupeleka kuku.

Nilijiona mutu mwenye majuto makubwa. Mpaka Mwadi alisimama ku mulango, macho mekundu.

"Tata, we unalilia firigisi. Mi nalilia bwana."

Akaenda zake. Nikageukia ukuta, lakini ukuta haukunifaa tena.

Mama Mwadi akaingia na chai, akakaa ku kitanda. Nilingoja anitukane, na nilikuwa nimejitayarisha vizuri.

"Tata Mwadi, Mukalay aliangusha kamyo nzima ya mahindi mu mutaro kule Tenke. Ulimuambia nini?"

"Aa, Mukalay. Nilimuambia pole ndugu, kunywa chai kwanza, kesho tutaivuta."

"Haukumuita mupumbavu?"

"Kwa nini? Mutu ameanguka, anatetemeka, nimuite mupumbavu, kamyo itatoka mu mutaro?"

Alisukuma kikombe cha chai mpaka mbele yangu. 

"Kamyo nzima ulisema pole," akasema. "Firigisi moja unataka kujiua. We na Mukalay, nani bwana yangu? Kunywa chai."

Nilikunywa. Halafu, akisha kutoka, nilijaribu kitu yenye sijasema kwa mutu mpaka leo. Nilisema kwa sauti ndogo: "Pole, ndugu." Kwa mi mwenyewe! Nilisikia haya kupita ile ya meza. Niliangalia dirisha kama kuna jirani. Ilikuwa sawa kujipa sadaka toka mufuko wa kushoto kupeleka wa kulia. Lakini nikasema tena, namna nilimuambia Mukalay, na musinicheke, machozi yalitoka, sababu hakuna mutu aliyewahi kuniambia hivi wakati naosha makamyo ya batu, na mi mwenyewe, mwenye kukaa karibu kabisa, nilikuwa wa kwanza kujipiga. Kapita alifungua kinywa. Nikamuambia: ngoja, niko na safari.

Nilikamata kuku mweupe na nikaenda Kapata, muchana, kwa muguu, katikati ya barabara. Batoto balipiga kelele, "Tata Firigisi! Tata Firigisi!" Kuku naye alipiga yake. Uso ulikuwa moto. Niliona njia ya nyuma, nikaipita.

Nikaingia ku kiwanja ya Tata Ilunga bila kubisha, kwa woga tu. Na nilimukuta, ule kontremetre, ule mwenye miwani, amekaa chini ku mukeka na jamaa yake, mukono ndani ya bukari mpaka karibu ya saa yake. Aliponiona, batu bangu, alificha mukono nyuma ya mugongo!

Tukaangaliana.

"Tata Mwadi," akasema, "utanisamehe. Hapa nyumbani tunakulaka hivi."

"Na zile fursheti?"

"Za bibi yangu, za kupamba meza. Tulipofika kwako nikaona zimepangwa, nikasema: kweli, mutu mwenye kamyo yake mwenyewe, mi wa kulipwa na kampani nitakula namna gani mbele yake? Nilisikia njaa mpaka nikaona giza."

Nilicheka mpaka kuku akaponyoka, na kontremetre alimukimbiza na mukono wa bukari. Shangazi hakucheka. Alikamata kuku ye mwenyewe, akanisomea makosa yangu yote mbele ya kiwanja nzima, na hakusahau hata moja, halafu akasema imetosha, njia imesafika, balete maji Tata anawe.

Ndoa ilifungwa. Na siku ya karamu, wakati banamuziki balipoanza kupiga, batu ya Kapata bakaita: "Tata Firigisi acheze! Tata Firigisi!" Kapita akaamuka mara moja: kaa chini, haujui kucheza, batakucheka. Kwa ile habari alisema kweli kabisa, sijui kucheza. Na balinicheka kweli.

Basi kiapo changu ni hiki: siwezi kuapa kwamba sitatia aibu tena, najijua, naapa kwamba siku nitakapoanguka, sitakuwa wa kwanza kujipiga teke. Ile siku nilicheza vibaya, batu bangu, vibaya sana. Na nikacheza mpaka banamuziki bakachoka.